Robo Saa

Hapa Lund mhadhara wa saa nne huanza saa nne na robo.
Ni desturi ya enzi za kengele: mtu alisikia mlio,
akaiacha supu, akafunga viatu, akakimbia juu ya mawe.
Siku hizi kila mtu ana saa mkononi,
lakini robo yetu bado tunaidai kama deni la urithi.

Mimi yangu naitumia chini, orofa ya pili ardhini,
nyuzi joto kumi na nane, zisizidi, zisipungue,
nikikagua mitego ya gundi.
Kuna mdudu wa rangi ya fedha, asiyejua kusoma,
aliyemaliza vitabu vingi kuliko maprofesa.
Leo wamenaswa wawili. Naandika: wawili.
Huu ni mwaka wa ishirini na sita naandika wadudu.

Saa tatu huja Ebbe Ahlgren, mstaafu wa theolojia,
na mwavuli hata jua likiwaka,
na kalamu ya wino aliyojisahaulisha mfukoni.
Nanyoosha mkono.
“Penseli, Profesa.”
“Penseli, Gunvor.”
Usuhuba wetu wote ni huo, na unatosha.

Namletea kitabu kwa mikono miwili, kama sinia la mayai,
nakilaza kwenye mto wa sponji.
Sikifungui zaidi ya kinavyotaka chenyewe:
mgongo wake, kama wangu, haupindi tena hadi mwisho.

Watu hudhani mimi natunza maneno.
Natunza pia vilivyodondoka katikati ya maneno:
punje ya shayiri, unywele mwekundu, tone la nta;
na katika pambizo la kitabu cha jiometri,
kwa Kilatini cha kuungaunga, mwanafunzi fulani, kipupwe fulani:
*Wino umeganda. Nimeupulizia pumzi. Umeganda tena.*
Nikaorodhesha: maandishi ya pambizoni, mwandishi hajulikani.
Nikaongeza: maskini.
Nikafuta. Orodha haina safu ya maskini.

Saa tano, hodi mlangoni. Tuva Rosenkvist, kemia ya udongo,
amekuja kuazima nyundo.
Maana tasnifu hapa haitetewi kabla haijapigiliwa ukutani,
msumari mmoja, tundu moja,
kutoka jalada, kupitia shukrani, hadi marejeo.
Nyundo hukaa kwenye droo yangu, chini ya glavu.
Mama yake amekuja na keki kutoka Malmö.
Tuva anatetemeka, kagonga kidole, kacheka, karibu alie.
Nami niliyekula kiapo karatasi isitobolewe
namshikilia kitabu kisicheze.
“Piga,” nasema. “Usikionee huruma.”

Ubao ule umetoboka kama chekeche.
Tundu langu halimo.
Niliandika sura nne. Ya tano ilisubiri mtoto akue,
kisha ikasubiri mama apone,
kisha ikazoea kusubiri.
Nasema hivi bila uchungu, kama nisemavyo: wawili.

Karibu Mei inakwisha. Mizinga itapigwa, madaktari wapya
watashuka ngazi na kofia zao nyeusi za mikunjo,
na watu bustanini watahesabu milio.
Nami nitakuwa huku chini, kiganja kwenye rafu,
nikisikiliza ngozi kuukuu zikishtuka moja moja.
Mwaka juzi kioo kilipasuka. Lazima mtu awepo.

Jioni Ebbe amerudisha penseli, amesahau mwavuli.
Nimekirudia kile kitabu cha jiometri kabla ya kukirudisha kitandani,
na nuru ya dirishani ilipolala chali juu ya ukurasa
nikaona: chini ya *umeganda tena* kuna neno jingine,
limekwaruzwa bila wino, kwa ncha kavu ya kalamu.
Miaka yote hii sikuliona.
Huenda ni jina. Huenda ni *supu*.
Kesho nitashuka na taa ya pembeni,
mapema, kabla ya robo.